Hukumu ya Mungu Haisomwi Kaburini



Nimepewa mada ya hukumu ya Mungu juu ya kiburi na mali isiyodumu. Kuizungumzia hapa Muleba kunataka moyo, maana Watanzania wenzetu hututania kwamba Mhaya na majivuno wamezaliwa tumbo moja. Utani huo nawaachia watani. Langu ni hili: sisi wa Kagera tuliwahi kumsemea Mungu hukumu ambayo hakuitoa, na tulipokuwa tukiisema, ile aliyotutaka tuiogope ikatupita.

Tuanze na mwenye kiburi ambaye habishaniwi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Mutukula, na Novemba 1 ikatangazwa kwamba ardhi yetu ya kaskazini mwa Mto Kagera ni mali ya Uganda. Huyu ndiye aliyejiita Rais wa Maisha na Mshindi wa Dola ya Uingereza. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka, naye akakimbilia Libya, kisha Saudi Arabia. Mhubiri atafute mfano gani tena? Lakini gharama ya kiburi kile aliilipa nani? Daraja la Kyaka lililipuliwa, kanisa likabaki gofu, ng'ombe wakaswagwa, watu wakauawa. Amin alifia hospitalini Jeddah mwaka 2003, miaka 25 baada ya wakulima ambao hawakuwahi kujivunia lolote zaidi ya migomba yao.

Vita ilipokwisha, uhaba ukaingia. Sabuni, chumvi na nguo vilitafutwa kwa tochi, na magendo yakawa ndiyo ajira. Kijana aliyethubutu kuvuka mpaka usiku alirudi na redio, viatu na vitambaa. Kimoja kati ya vitambaa hivyo kiliitwa Juliana. Mwenye nacho alionekana kutoka mbali. Pesa zilimjaa, rubisi akaiona pombe ya wazee, na mabinti wakamkimbilia. Kisha vijana wale wakaanza kukonda, kuharisha na kufa, na ugonjwa wao ukapewa jina la kitambaa: Juliana. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani kwetu, na hospitali ya Ndolage, hapa hapa Muleba, ikawa miongoni mwa za kwanza kuupokea mzigo huo.

Tafsiri ikapatikana upesi: pesa za haraka, majivuno ya haraka, kifo cha haraka, Mungu amehukumu. Ilikuwa tafsiri tamu, kwa kuwa kila aliyekuwa hajaugua alijihesabu msafi. Lakini ugonjwa haukukaa mpakani. Ulimfuata mke ambaye hakuwahi kuvuka hata mto, ukamfuata mtoto aliyekuwa bado ananyonya. Utafiti wa 1987 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 mjini Bukoba ameambukizwa. Je, robo ya mji ilikuwa ya wafanya magendo?

Vitabu vyetu vilikuwa vimeshatuonya. Katika Luka sura ya 13, Yesu anakataa kwamba watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Rafiki zake Ayubu, waliomsomea mgonjwa mashtaka, ndio waliokemewa na Mungu. Qurani inatuletea Karuni, aliyemezwa na ardhi pamoja na nyumba yake. Yeye alidai kwamba mali aliipata kwa elimu yake mwenyewe, na walioitamani jana yake wakashukuru kwamba hawakupewa. Karuni alihukumiwa kwa aliyoyasema na kuyatenda. Wenzetu waliozama na MV Bukoba Mei 21, 1996 tutawashtaki kwa lipi? Na tetemeko la Septemba 10, 2016, lililobomoa shule za Ihungo na Nyakato na nyumba za maskini, lilimtafuta mwenye kiburi gani?

Basi hukumu iko wapi? Rudini kwenye nyumba zetu miaka ile ya Juliana. Wafu wetu tunawazika kibanjani, kati ya migomba na kahawa. Matanga hayajaisha, kaburi halijakauka, shemeji anazunguka nyumba akihesabu mabati na mibuni. Jioni anamwambia mjane kwamba ardhi ni ya ukoo, na ukoo ni wanaume. Jana alimwita marehemu mwenye tamaa. Leo amevaa viatu vyake. Huyo ndiye Karuni wetu, na sisi majirani tulikaa matangani tukala, tukanyamaza.

Hukumu mojawapo ilisomwa kwa sauti ya binadamu. Mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi kwa wosia wa baba yake aliiuza, na mpwa wake akamshtaki kwamba mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilianzia Mahakama ya Mwanzo, wilayani humu. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo ni ubaguzi na kwamba mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji nayo ikampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume.

Mali itakuja tena na kuondoka tena. Kahawa ilitujengea nyumba za bati na kusomesha watoto wetu, kisha bei ikaporomoka. Sangara wa Bumbire na Goziba wametajirisha watu, nao wanapungua. Umaskini ukitupata baada ya utajiri, huo peke yake si hukumu. Hukumu ni namna tulivyomtendea asiye na mtetezi wakati sisi tunacho.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa dini: mkisimama mazishini, mwacheni marehemu na Mola wake, mwulizeni shemeji kibanja cha mjane kiko wapi. Nanyi akina baba mliomo humu, andikeni wosia mkiwa na afya, mbele ya mashahidi, na majina ya wake na mabinti zenu yawemo.