Hamu ya Kula Udongo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mkonze)



Nimeombwa niseme juu ya afya ya nyumbani, nami nimechagua jambo ambalo wengi wetu hulicheka, yaani mtu kula udongo. Hapa Mkonze kichuguu hakiko mbali na mlango wa mtu, na sokoni udongo huuzwa kwa jina la pemba.

Sina haki ya kumcheka mtu. Mke wangu alipokuwa mja mzito nilikuta vipande vya kichuguu katika pindo la kanga yake. Nilimkaripia kama karani mkuu amkaripiavyo tarishi, naye akaendelea kula kwa siri. Miezi miwili ikapita ndipo akapimwa damu. Kipimo kilikuwa 8, ilhali kwa mja mzito hakifai kupungua 11. Miezi ile miwili ni kosa langu, si lake.

Habari hii ni ya zamani. Mwaka 1870 Dr. Livingstone aliandika juu ya maradhi ya kula udongo yaliyoitwa safura huko Unguja, ambayo mara nyingi yaliwapata watumwa. Leo neno hilo hilo twalitumia kwa minyoo inyonyayo damu. Tena, uchunguzi wa waja wazito kisiwani Pemba, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa wenye hamu za namna hii walipungukiwa damu zaidi ya wenzao. Na wengi wao hawakula udongo, bali mchele mbichi. Hata Ulaya na Marekani wapo watafunao barafu mchana kutwa kwa sababu iyo hiyo, upungufu wa madini ya chuma.

Je, upungufu ndio uletao hamu, au udongo ndio uletao upungufu? Wataalamu hawajaafikiana. Yamkini ni yote mawili, maana udongo waweza kuyashika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini.

Kwa hiyo umwonapo mtu wako akila udongo, mpeleke apimwe damu na minyoo kabla ya kumkemea. Kliniki huwapa waja wazito vidonge vya chuma. Nyumbani pawe na maharage na mboga za majani, na maini fedha ikiwapo. Ubuyu wetu husaidia chuma kuingia mwilini, walakini chai pamoja na chakula huzuia. (Nasikia mnung'uno. Sikuipiga marufuku chai; inywewe baadaye.)

Mke wangu alimeza vidonge vyake, na hamu ikamtoka kabla hajajifungua. Kichuguu kile kingali nyuma ya nyumba, watoto hukipanda tu.