Kazi Ipande, Mgongo Usishuke

Msikilizaji, kama uko karibu na ndoo ya lita 10, ijaze maji. Sasa ikumbatie tumboni kwa mikono miwili, usimame nayo. Usiitue. Inama uokote ufunguo ulioanguka. Fagia uwanja. Panda daladala. Usiku ukifika lala nayo, na ukichoka upande mmoja, jigeuze nayo.

Ndoo hiyo ina kilo 10. Mwanamke aliyeanza mimba akiwa na uzito wa kawaida hutarajiwa kuongeza kilo 11 hadi 16 mpaka siku ya kujifungua: mtoto, kondo la nyuma, maji yanayomzunguka mtoto, damu iliyozidi, matiti na akiba ya mafuta. Sehemu kubwa ya mzigo huo imekaa mbele. Halafu mtu anamkuta ameshika kiuno, anamwambia: "Vumilia, ndiyo ujauzito huo."

Mtu huyo niliwahi kuwa mimi.

Tulikuwa tunasubiri mtoto wa kwanza, mimba ina miezi minane. Mke wangu alikuwa ameinama kwenye beseni la nguo. Akajinyoosha taratibu, mkono kiunoni, akasema mgongo unataka kukatika. Nikampa jibu langu hilo la vumilia. Akanitazama, akasema: "Ujauzito haujanituma kufua mapazia, mume wangu."

Nilicheka. Wazee walishasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Unauona mkubwa, lakini mwepesi, kwa sababu hujaubeba wewe.

Basi leo tuupime mzigo huu. Mgongo wa mwanamke haukuumbwa kizembe. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Marekani, Katherine Whitcome, Liza Shapiro na Daniel Lieberman, walieleza katika jarida la Nature kwamba mbonyeo wa kiuno kwa mwanamke umegawanywa kwenye pingili tatu za uti wa mgongo, wakati kwa mwanamume ni pingili mbili. Ndiyo maana tumbo likikua, mama anaweza kurudisha mabega nyuma akausawazisha uzito asianguke mbele.

Lakini kusawazisha huko ni kazi ya mchana kutwa. Misuli ya kiuno inavuta bila kupumzika. Misuli ya tumbo, ambayo kwa kawaida huisaidia kutokea mbele, imetanuka imechoka. Na homoni za ujauzito hulegeza kano zinazofunga mifupa ya nyonga, ili siku ya siku njia ipatikane. Mlango uliolegea bawaba hulia kila unapofunguliwa, na nyonga nayo ni hivyo hivyo: huuma mama akijigeuza kitandani, akipanda ngazi, akiinua mguu avae nguo. Nusu ya wajawazito au zaidi hupata maumivu ya kiuno au nyonga.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Mgongo huo unajua kubeba mimba mtu akiwa wima. Sisi tunataka aibebe akiwa ameinama. Zitazame kazi za nyumba zetu: ufagio wa chelewa una urefu wa mkono, beseni liko chini, mafiga yako chini, mbuzi ya kukunia nazi iko chini, deki ni ya tambara. Ukitoka nje, jembe lina mpini mfupi. Karibu kila kazi inamsubiri mama sakafuni.

Kwetu aliyeliona hilo si mimi. Ni shangazi yake mke wangu, aliyefika kutoka Pangani kuja kumwangalia. Asubuhi ya kwanza hakuuliza dawa wala hospitali. Alichukua stuli, akaweka beseni juu yake. Akatafuta mti mrefu, akaufunga kwenye ufagio. Jiko la mkaa akalipandisha juu ya matofali, akalitikisa kuhakikisha haliyumbi. Kisha akaniita: "Mwanangu, kazi ndiyo inayopandishwa. Mgongo haushushwi."

Na mama akilazimika kusimama muda mrefu, akipiga pasi au akisonga ugali, shangazi alimtaka aweke mguu mmoja juu ya tofali, na baada ya muda abadili mguu. Mguu ukipanda, kiuno kinapungua kubonyea, na misuli inapata nafasi ya kupumua. Cha kuokota chini kiokotwe kwa kukunja magoti, mgongo ubaki umenyooka. Ndoo ya maji ibebwe na mwingine. Asipokuwepo mwingine, madumu mawili madogo, moja kila mkono, ni afadhali kuliko dumu moja kubwa upande mmoja.

Lakini shangazi naye hakupatia yote. Alitaka kulichua tumbo kwa mafuta na kulifunga kanga kwa nguvu. Nesi wa kliniki alimwambia kwa adabu: "Shangazi, kiuno chua, tumbo liache." Kuchua mgongo taratibu kwa viganja hakuna ubaya na kunaliwaza. Kuliminya tumbo au kulikaza ni hatari. Kama mama anahitaji kushikiliwa, ipo mikanda maalumu ya wajawazito inayopita chini ya tumbo na kuinua uzito bila kubana.

Na mimi sikunusurika. Nilikuwa nimenunua dukani vidonge vya diklofenaki, nikaja navyo kliniki kama shujaa. Nesi akauliza, "Baba, hizi nani kakwambia?" Nikajibu kwamba goti likiniuma huwa zinanisaidia. Akazisogeza pembeni. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake zisitumiwe kuanzia wiki ya 20 ya mimba bila agizo la daktari. Zinaweza kupunguza maji yanayomzunguka mtoto, na katika miezi ya mwisho zinaweza kufunga kabla ya wakati mshipa wa damu ulio karibu na moyo wake. Dawa ambayo wahudumu hupendekeza mara nyingi ni parasetamoli, kwa kipimo kidogo kinachotosha na kwa siku chache, nayo uulize kwanza.

Kabla ya kidonge, kuna joto. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, iwekwe kiunoni dakika 15, iwe ya kuliwaza na si ya kuunguza, na isiwekwe tumboni.

Usiku una elimu yake. Kuanzia wiki ya 28, mama alale kwa ubavu. Akilala chali, tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Akishtuka usiku akajikuta chali, asiogope, ageuke tu. Mto katikati ya magoti huzituliza nyonga, na pasipo mto, kanga kadhaa zilizokunjwa zinatosha. Kuamka nako kuna namna: asijikurupue kwa kuinua kifua. Ageukie ubavu, ateremshe miguu, kisha ajisukume kwa mikono.

Na asikae kitako siku nzima kwa kuogopa kuumia. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake kuhusu huduma kwa wajawazito, lilipendekeza mazoezi ya mara kwa mara katika kipindi chote cha ujauzito ili kuzuia maumivu ya kiuno na nyonga. Kwa aliyekwisha kuumwa, lilitaja tiba ya viungo, mikanda ya kushikilia na tiba ya sindano za Kichina. Mazoezi si lazima yawe ya ukumbini. Kutembea jioni jua likipoa ni mazoezi. Kuna pia zoezi la paka: piga magoti, weka viganja chini kama anayepiga deki, vuta pumzi mgongo ukiwa bapa, toa pumzi huku ukiupandisha mgongo kama paka aliyeshtuka, urudi taratibu. Mara 10 zinatosha kuanza. Likiuma, acha.

Yapo maumivu ya kiuno ambayo hayataki stuli wala zoezi. Yanataka hospitali, na siku hiyo hiyo. Maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio, hasa kabla ya wiki ya 37, yanaweza kuwa uchungu ulioanza mapema. Maumivu ya kiuno pamoja na homa, au mkojo unaochoma, yaweza kuwa maambukizi yaliyofika kwenye figo. Damu ikitoka, chupa ya uzazi ikipasuka, mtoto akipunguza kucheza, miguu au sehemu za siri zikifa ganzi, mkojo ukishindwa kuzuilika, usingoje asubuhi. Na kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au uso ukivimba, usingoje pia, maana hiyo yaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba.

Sasa niseme na wenye nafasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na anaweza kuianza wiki nne kabla ya tarehe anayotarajia. Inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi inayohatarisha afya yake. Ni jambo jema. Lakini mama lishe hana mwajiri wa kumwandikia barua. Mwajiri wake ni sufuria. Mkulima hana meneja wa kumwomba ruhusa. Hao sheria yao ni sisi: mume, wifi, mama mkwe, jirani mwenye toroli, kijana wa kwenye daladala aliyejifanya amesinzia asije akasimama.

Na sisi tunaojenga vituo vya afya, tukumbuke egemeo. Nimekaa kliniki na mke wangu kwenye benchi lisilo na mahali pa kuegemea, tangu saa moja asubuhi, katikati ya akina mama waliokuja kusema mgongo unauma.

Msikilizaji, ile ndoo sasa itue. Umeona raha yake? Mwenzio hatui mpaka siku yake ifike. Lakini beseni lake linaweza kupanda juu ya stuli jioni hii, na ufagio wake ukapata mpini.

Mapazia yale, kama unataka kujua, niliyafua mimi. Beseni lilikuwa juu ya stuli, na bado usiku niliomba kuchuliwa kiuno. Mke wangu akaniambia, "Vumilia."