KIOLEZO NA MWILI WA MTOTO

Maneno yaliyosemwa na karani wa chama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, juu ya sweta za hisani



Nimepewa nafasi niseme juu ya jambo ambalo wengine walilicheka walipoliona katika orodha ya shughuli za leo. Walisema, chama kina mazishi, karo na kodi ya ofisi, na karani ataka kutuzungumzia sufu na sindano? Lakini jambo hili ndilo lililokaribia kuivunja kamati moja ya chama mwaka huu. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za vikao vyake vyote, naona yafaa wanachama walijue shauri lote kabla hawajaombwa kulipigia kura.

Kwanza niseme kwa nini chama hufuma. Wageni wanaokuja mara ya kwanza hudhani Nairobi ni mji wa joto, kwa kuwa uko karibu na ikweta. Sisi tukaao upande wa magharibi twajua kwamba sivyo. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner kimekaa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Juni hata Agosti, majira ambayo jirani zetu Wakikuyu huyaita gathano, jua laweza kujificha siku nzima na manyunyu yasikatike. Mtoto wa Kangemi au Kawangware aendaye shule saa kumi na mbili na nusu za asubuhi hupita katika ukungu, na nyumba aliyolala ni ya mabati. Kwa hiyo sweta si pambo.

Mwaka uliopita tulipewa nyuzi na marafiki wa ng'ambo, na pamoja na nyuzi hizo ulikuja ukurasa wa kiolezo. Nimekisoma kiolezo hicho mara nyingi. Ni kizuri, kimepangwa kwa akili, na aliyekiandika ni fundi. Sweta yenyewe ina shingo ya duara, na kifuani kuna picha ya mwana-kondoo. Kamati iliamua kwamba kila mama akifuate neno kwa neno, ili sweta zote ziwe sawasawa. Mzee mmoja, ambaye namheshimu sana, alitoa sababu yenye nguvu: akasema watoto wakipokea vitu visivyolingana, yule aliyepata kizuri atajivuna na mwenzake atalia. Neno hilo ni kweli, nami nitalirudia baadaye.

Basi mama mmoja wa Kawangware alipewa nyuzi za rangi ya damu ya mzee, na jina la mtoto wa miaka 6 akaaye kwa nyanya yake. Akaanza. Akamaliza kipande cha mgongo. Akaanza kipande cha mbele, akafika kwapani, mahali ambapo kiolezo chasema: sasa anza kondoo. Hapo akaziweka sindano chini, akaenda kumwona mtoto.

Alirudi na habari mbili. Ya kwanza, mtoto alikuwa karibu kuingia darasa la kwanza katika shule moja ya mtaani, ambayo sitaitaja, na shule hiyo hairuhusu sweta ila yenye shingo ya umbo la V, ya rangi moja, isiyo na picha. Mtoto mwenye sweta nyingine huvuliwa langoni au hurudishwa nyumbani. Ya pili, rangi ya shule ni damu ya mzee. Maana yake ni kwamba nyuzi alizokuwa nazo mkononi zingeweza kumpa mtoto sare, nusu ya njia ikiwa imekwisha kwendwa. Na kondoo yule angeigeuza sare hiyo kuwa nguo ya Jumapili tu. Sare ya dukani nyanya yake hakuwa na fedha ya kuinunua.

Mama huyo hakuuliza kamati. Aligeuza kiolezo pale pale.

Wazee waniwie radhi nikieleza hesabu yenyewe, kwa maana ndani ya hesabu ndipo ilipo hoja. Kwa nyuzi zile na sindano zile, vitanzi 22 vilikuwa sentimita 10, na mistari 30 ilikuwa sentimita 10. Mtoto ana kifua cha sentimita 60. Sweta hupewa nafasi ya kupumua, ikawa 68, yaani vitanzi 75 mbele na 75 nyuma. Kwenye kwapa hupunguzwa vitanzi 9 kila upande, vikabaki 57. Kati ya hivyo, 17 ni vya bega moja, 17 vya bega la pili, na 23 vya shingo. Kipande cha mgongo kilikuwa kimekwisha fumwa kwa hesabu hiyo hiyo, kwa hiyo hakikuhitaji kuguswa. Ilimpasa tu kuifikisha shingo ya mbele kwenye vitanzi 23 kwa njia nyingine.

Alifanya hivi. Kitanzi cha katikati alikitia kwenye pini, akaugawa upande wa mbele mara mbili. Kila nusu akaifuma peke yake, na katika kila mstari wa nne akaunganisha vitanzi viwili kuwa kimoja kwenye ukingo wa shingo. Alifanya hivyo mara 11. Mara 11 kwa mistari 4 ni mistari 44. Na kutoka kwapani hata begani ilikuwa mistari 48, yaani sentimita 16. Basi akafuma mistari 4 ya mwisho bila kupunguza, akafika begani na vitanzi vyake 17 kamili. Kumi na moja na kumi na moja na kile kimoja cha pini ni 23. Mabega yakakutana na mgongo bila kuvutwa wala kukunjwa.

Kuna faida moja ambayo kamati haikuitazamia. Mtoto wa miaka 6 ana kichwa cha mzunguko wa kadiri ya sentimita 51. Shingo ya duara ni fupi, na mfumaji akifunga ukingo wake kwa mkono mgumu, hainyumbuki. Kila mama aliyewahi kumvika mtoto sweta ya namna hiyo anajua kilio cha masikio. Shingo ya V yenye kina cha sentimita 16 ina mzunguko wa kadiri ya sentimita 44 kabla ya kunyumbuka, nayo hupita kichwani bila vita.

Sweta ilipoletwa ofisini, kikao kilikuwa kikali. Niliandika maneno haya kama yalivyosemwa.

Mzee akamwambia, "Binti yangu, nyuzi hizi tulipewa pamoja na kiolezo. Aliyetupa alitaka kondoo. Nani alikupa ruhusa ya kumwondoa?"

Mama akajibu, "Shikamoo, mzee wangu. Aliyetupa nyuzi alitaka mtoto apate joto. Yeye hakumwona mtoto, na mimi nimemwona."

Mzee akasema, "Na wale wengine waliopata kondoo, tuwaambie nini?"

Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tuwaulize wanasoma wapi."

Kamati ikagawanyika. Wengine wakataka sweta ifumuliwe na kufumwa upya kama kiolezo kisemavyo. Mama akakataa kuifumua. Hata leo sweta hiyo iko katika sanduku la chama, na mtoto hajaipata. Jambo hilo ndilo lililonifanya niombe nafasi ya kusema.

Sasa nirudi kwenye neno la mzee juu ya usawa. Kiolezo kina kazi yake. Katika Vita Kuu ya Pili, kutoka 1939 hata 1945, wanawake wengi katika Uingereza walifuma soksi, kofia na sweta za askari kwa vielelezo vilivyochapishwa, na ilikuwa haki vifuatwe, kwa sababu mfumaji hakumjua askari wala hakuweza kumpima. Pale usipomjua mvaaji, kiolezo husema kwa niaba yake. Lakini sisi tunawajua watoto wetu. Wako umbali wa gari la 46, na wengine ni wa kutembea kwa miguu. Kumfumia mtoto ambaye waweza kumpima, kana kwamba yuko ng'ambo ya bahari, naona ni uvivu uliovaa joho la utaratibu. Nasema hivyo kwa heshima.

Wala simaanishi kwamba kila mama afanye apendavyo. Mama akiongeza maua na mistari ya rangi ili kazi yake isifiwe, hapo neno la mzee lasimama imara, na kamati iwe na haki ya kukataa. Badiliko la kuufaa mwili wa mtoto, au kumfungulia mlango wa shule, ni jambo jingine kabisa.

Tena badiliko kama hilo si uzushi wa Kawangware. Wavuvi wa pwani za Uingereza na Uskoti walivaa sweta nzito za sufu ambazo mikono yake iliokotwa begani na kufumwa kwenda chini. Sababu yake ni ya mtu maskini mwenye busara: mkono huanza kuchakaa kwenye kifundo, na ukiwa umefumwa kutoka juu, waweza kufumua ncha peke yake na kuifuma upya bila kuigusa sweta iliyobaki. Mama zetu wa kamati wamelijaribu jambo hili mwaka huu, nami naliunga mkono kuliko mengine yote, kwa maana mkono wa mtoto hurefuka kabla kifua chake hakijapanuka. Gathano ijayo mama atafumua ukanda wa kifundo, ataongeza sentimita nne au tano, na sweta itaishi mwaka mwingine. Kiolezo tulicholetewa chafuma mkono kutoka chini kwenda juu, na ukitaka kuurefusha huna budi kukata au kufumua wote.

Vipimo vya mkono navyo havihitaji kubuniwa. Elizabeth Zimmermann, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910 na kufanya kazi yake Marekani hata alipofariki mwaka 1999, alieneza hesabu nyepesi: chukua vitanzi vya mwili mzima kuwa mia kwa mia, kifundo cha mkono ni kama 20 katika mia, na mkono wa juu ni kama 33 katika mia. Kwa sweta yetu ya vitanzi 150, kifundo ni 30 na mkono wa juu, ukishapita kwapa, ni 50. Mtoto mnene au mwembamba utamwongezea au kumpunguzia kidogo. Mama ajuaye kugawa kwa tatu na kwa tano hatashindwa.

Juu ya nyuzi nitasema machache. Katika maduka ya Biashara Street, mtaa ambao zamani uliitwa Bazaar Street, nyingi za nyuzi zinazouzwa si za kondoo bali za akriliki. Ni rahisi, zafulika vizuri, wala hazirudi kama sufu ioshwavyo kwa maji ya moto. Lakini akriliki huyeyuka ikishika moto, na tone lake hugandamana na ngozi, hali sufu ya kweli ni nzito kushika moto. Nyumba zetu nyingi ni chumba kimoja, na jiko la makaa liko karibu na kitanda. Kwa hiyo sweta za akriliki zisiwe na mikono mipana yenye kuning'inia wala nyuzi za mapambo. Hilo nalo ni badiliko la kiolezo, na sidhani yuko atakayelikataa. Tena mnunuzi atazame namba ya rangi katika karatasi ya kila kibonge. Namba zikitofautiana, mgongo na mikono havitafanana, na mlinzi wa lango la shule ana macho.

Wazee wanakumbuka kwamba ufumaji katika sehemu hizi una historia. Shule ya Jeanes pale Kabete, ambapo leo ni chuo cha mafunzo ya watumishi wa serikali, iliwafunza viongozi wa vyama vya wanawake, na Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa mwaka 1952, kushona na kufuma vilikuwa katika masomo yake ya kwanza. Mambo machungu ya miaka ile ya Hali ya Hatari yamechanganyika na historia hiyo, wala si kazi yangu kuyafunua leo. Nasema tu kwamba mama zetu wameshika sindano kwa zaidi ya miaka 70, na si haki kuwaona kama wanafunzi wa karatasi.

Azimio ninaloliweka mbele ya mkutano ni hili. Kila mfumaji apewe kiolezo, na pamoja nacho apewe karatasi yenye kifua cha mtoto, urefu wa mkono wake, mzunguko wa kichwa na sare ya shule yake. Akiona haja ya kugeuza kiolezo, ageuze, na aandike hesabu yake nyuma ya karatasi hiyo ili mwenzake aweze kuifuata. Mapambo yasiongezwe bila kamati. Mikono yote ifumwe kutoka begani. Na karani awaandikie marafiki wetu wa ng'ambo, kwa shukrani, awaeleze kondoo amekwenda wapi. Naamini watafurahi, na huenda mwaka ujao wakatuletea nyuzi za rangi za shule.

Nakala za azimio ziko juu ya meza karibu na mlango, pamoja na utepe wa kupimia. Ile sweta ya damu ya mzee nimeitoa sandukuni, nayo iko pale pale, wazee waishike kwa mikono yao kabla ya kupiga kura. Shule zafunguliwa Jumatatu.