Aibu Si ya Aliyeuzwa



Posa ikiletwa katika nyumba nyingi za mwambao wetu, swali linalotangulia tabia ya kijana na kazi yake ni hili: ni mtoto wa nani? Babu yake nani? Na jibu likikwama kwa babu wa pili au wa tatu, wazee hutazamana, kisha mazungumzo yakageuzwa. Baada ya siku chache huja udhuru: binti bado anasoma. Kila mtu ameelewa, na hakuna anayetamka. Kinachoogopwa ni kwamba katika ukoo ule aliwahi kuwepo mtu aliyenunuliwa.

Leo nataka tuzungumzie vitabu vinavyotamka.

Mwaka 1934 kilitoka kitabu cha Kiswahili kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichoandikwa na James Mbotela. Anasimulia watu walivyotekwa bara, wakateremshwa pwani kwa minyororo, wakapakiwa majahazini, na baadhi yao wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza. Waliookolewa walipewa makazi Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari katika miaka ya 1870. Kengele iliyokuwa ikipigwa kuwatahadharisha wanakijiji kwamba wavamizi wanakuja ingalipo, na mahali penyewe panaitwa Kengeleni. Matatu hupita hapo kutwa kucha, abiria wengi wasijue kengele hiyo ililia kwa ajili ya nani.

Mbotela alikuwa akiandika habari za watu wake mwenyewe. Ni kweli, kitabu kinawasifu Waingereza kupita kiasi, na msomaji wa leo ana haki ya kubishana nacho. Lakini mtu huyu alisimama hadharani akasema: sisi ni wana wa waliouzwa. Na ukoo huo huo ndio uliotupa marehemu Leonard Mambo Mbotela, bingwa wa utangazaji, aliyewauliza Wakenya kwenye redio kwa miaka mingi: Je, Huu ni Ungwana?

Turudi nyuma zaidi. Mwaka 1886, huko Ujerumani, Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said wa Zanzibar, alichapisha kumbukumbu zake kwa jina lake la ndoa, Emily Ruete. Humo anaeleza mama yake, Jilfidan, alivyofika Unguja. Alizaliwa kwa Wacherkesi, katika milima ya Caucasus. Vita vilipofika kwao, wazazi na watoto wao watatu walijificha chini ya ardhi. Wavamizi wakavunja, wakawaua baba na mama, na wapanda farasi watatu wakaondoka, kila mmoja na mtoto wake. Jilfidan, angali mtoto mdogo, akaishia katika nyumba ya Sultani, na baadaye akawa suria wake.

Majid na Barghash, wana wa Seyyid Said waliokuja kutawala Zanzibar, nao mama zao walikuwa masuria. Basi kama kununuliwa kwa mama ni doa, doa hilo lilikalia kiti cha enzi, na watu wakalipigia saluti. Wala Salme hakuona haya kumwandika mama yake. Ila tusimsome kwa kufumba macho, maana katika kitabu hicho hicho ameutetea utumwa katika sura nzima. Chozi la mama yake aliliona. La mama wa mwenzake, aliyelima shambani kwao, hakuliona.

Ndiyo maana nawahimiza pia msome kazi ya Sarah Mirza na Margaret Strobel, iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1989 na baadaye kwa Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili. Wazee watatu wa Mombasa wanasimulia maisha yao kwa vinywa vyao. Mmoja ni wa ukoo uliomiliki watumwa, mwingine ni kizazi cha watumwa. Mji ni mmoja, ngoma ni zile zile, lakini kila mmoja anakumbuka kutoka upande wake.

Na anayependa riwaya amsome Abdulrazak Gurnah. Peponi, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ni kisa cha Yusuf, mtoto anayemfuata tajiri akidhani anakwenda kwa ami yake. Akifika huko ndipo anapoambiwa: huyu si ami yako, baba yako anadaiwa, na wewe umewekwa rehani. Siri ya nyumbani anaipata ugenini, tena kutoka kwa kijana aliyetangulia kutolewa kwa deni.

Sasa, tusiwalaumu wazee wetu kwa kunyamaza. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Katika amri ile ya 1897, fidia iliwekwa kwa ajili ya bwana. Mtumwa hakutengewa fidia wala shamba. Wengi walibaki kwenye ardhi ile ile ya mabwana, wakajiita kwa majina ya koo za hao mabwana, wakaoana, wakazikana. Kunyamaza ndiko kulikowapa pa kulala na pa kuzikwa.

Lakini sisi tunanyamazia nini? Kimya kilichomlinda babu leo kinamfundisha mjukuu uongo: kwamba kuuzwa ni aibu na kuuza ni heshima. Aliyetokana na mnunuzi anajitapa kwa nasaba yake sebuleni, na aliyetokana na mnunuliwa anainamisha kichwa. Kisha tunamtupia methali: mkataa kwao mtumwa! Babu yake hakukataa kwao. Alinyakuliwa.

Kwa hiyo, msikilizaji, kitafute kimojawapo cha vitabu hivi. Kama nyumbani kuna bibi au babu, msomee kwa sauti, kurasa chache jioni, bila kumhoji. Akitaka kusema, atasema. Muulize kwa adabu mama wa bibi yake alizaliwa wapi, aliitwa nani kabla hajapewa jina jingine, na uyaandike maneno yake kama alivyoyatamka. Asipotaka, mwache, siri ni yake.

Na ninyi mnaopokea posa, muulizeni kijana habari za dini yake, tabia yake na riziki yake. Mkiona lazima kuuliza habari za babu, basi waulizwe pia wale ambao babu zao walinunua. Hao ndio wenye jambo la kujibu.

Hayo ni maoni yangu.