Chombo cha Mvuvi Vitani



Kutoka vilima vya Gitambi, wilayani Rusizi, hadi baharini ni mwendo mrefu. Hata hivyo, vita vya majini vilifika karibu na huko. Mwezi Septemba 1914 Wajerumani walikiteka Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Mto Rusizi, utokao katika ziwa hilo, humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, ambako mapambano makubwa zaidi yalifuata.

Katika vita vile mataifa yalitwaa vyombo vya kazi na kuvifunga mizinga. Uingereza ilichukua mamia ya meli za kuvulia samaki, kwa kuwa mitambo iliyozoea kukokota nyavu iliweza pia kukokota kamba za kuzoa mabomu ya baharini. Mwezi Julai 1915 meli ndogo za kuwindia nyangumi, zikiwamo Echo na Fly, zilishiriki katika mashambulizi ya delta ya Rufiji, ambamo manowari Königsberg iliangamizwa.

Katika Ziwa Tanganyika Waingereza walileta mashua mbili za mota, Mimi na Toutou. Zilivushwa milima ya Mitumba kwa mashine, kwa ng'ombe na kwa jasho la mamia ya Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa vitabuni. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka Kingani ya Wajerumani. Ikaitwa Fifi, na tarehe 9 Februari 1916 ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann, mwenzake wa jana.

Ndugu askari, fundisho liko hapo. Chombo hakina uadui. Hutii mkono ulioshika usukani. Lakini chombo cha raia kikishafungwa mzinga, adui huanza kumshuku kila mwenye mtumbwi, na mvuvi asiye na silaha hulipa deni asilolikopa. Ndiyo maana Mkataba wa The Hague wa 1907 ulikinga vyombo vya uvuvi wa pwani visitekwe, ukaondoa kinga hiyo mara vishirikipo katika vita, na ukakataza mataifa kuvitumia kijeshi kwa kujificha nyuma ya sura yao ya amani.

Basi mlinzi wa ziwa ana wajibu wa namna mbili: kumtambua adui aliyevaa sura ya mvuvi, na kutomgeuza mvuvi kuwa adui. La kwanza linataka macho. La pili linataka nidhamu. Askari anayenyang'anya samaki au kupiga kabla ya kuuliza hujinyima habari za wale wayajuao maji kuliko yeye.

Meli Graf von Götzen, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916, iliibuliwa mwaka 1924. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba abiria na mizigo kwa miongo mingi. Huo ndio mwisho mwema wa silaha: kuwarudia wananchi kwa kazi yao.