Paka Mgeni Asipewe Jembe Siku ya Tatu

(Mazungumzo na vikundi vya akina mama wa Meru na Embu)





Mliniomba nizungumze juu ya panya wanaomaliza chakula ghalani. Mimi nimekuja kuzungumza juu ya paka. Naona wengine wameanza kucheka. Chekeni tu, kwa maana tukifika mwisho mtaona nimejibu lile swali lenu.

Sisi sote tunajua mambo yalivyo. Tukishavuna, tukaanika, mahindi na maharagwe na ndengu vikaingia ndani, panya hawakawii. Yule panya wa shamba anaweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mara moja. Basi mama anakwenda sokoni, iwe ni Gakoromone au Embu mjini, ananunua sumu, anachanganya na unga, anaweka chini ya magunia. Nyumba hiyo hiyo ina mtoto anayetambaa. Ina kuku. Na panya aliyekula sumu hafi hapo hapo. Anatembea kwa kulegea, paka wa jirani anamkamata kwa urahisi, na yule paka naye anakufa. Sasa panya waliobaki wanafurahi.

Nikiwauliza watu, "Kwa nini hamfugi paka?" jibu ni moja kutoka Nkubu mpaka Siakago: "Mwalimu, nilipewa paka mdogo, lakini hawa paka hawakai. Alikimbia usiku ule ule."

Nami sikucheka niliposikia hivyo, kwa sababu yalinipata mimi mwenyewe. Nilipewa paka wa miezi mitatu hivi, aliyezaliwa kwenye stoo ya mahindi na hakuwa ameshikwa na mtu tangu azaliwe. Nilimtia guniani, nikafunga kamba, nikapanda naye matatu. Nilipofika nyumbani nilifungua gunia katikati ya uwanja, watoto wote wamezunguka wanapiga makofi, mbwa anabweka. Yule paka aliruka mara moja tu. Mpaka leo sijui alikwenda wapi. Nilisema, "Paka mjinga huyu." Leo najua mjinga alikuwa nani.

Kuna methali isemayo: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa binadamu ni sawa. Kwa paka mwoga si sawa. Sisi tunataka leo aje, kesho anyamaze, kesho kutwa aanze kazi ya kukamata panya. Huyo ni mtoto aliyetolewa kwa mama yake. Hajui harufu ya nyumba yako, na mkono wako anauona kama mkono wa adui. Akikuzomea na kutoa kucha, hiyo si jeuri wala ukaidi. Ni woga. Dawa ya ukaidi huenda ikawa fimbo, sijui, lakini dawa ya woga haijawahi kuwa fimbo.

Kwa nini wengine ni waoga na wengine sio?

Miaka ya 1980 huko Marekani, katika chuo kikuu cha Temple mjini Philadelphia, mtaalamu mmoja aitwaye Eileen Karsh alichunguza jambo hili. Aliona kwamba paka hujifunza kumzoea binadamu zaidi akiwa na umri wa wiki 2 hadi wiki 7. Waliokuwa wakishikwa dakika 40 kwa siku waliwazoea watu kuliko walioshikwa dakika 15. Asiyeshikwa kabisa wakati huo hukua akituogopa.

Kwa hivyo, wewe ambaye paka wako amezaa, kazi inaanzia kwako. Usiwaache watoto wake nyuma ya magunia mpaka wawe wakubwa ndipo uwagawe. Wakifika wiki mbili, tatu, washike kila siku kwa upole, watu mbalimbali wawashike, wasikie sauti za watoto na za redio. Lakini usiwatoe kwa mama yao kabla ya wiki 8. Mama ndiye anayewafundisha kula, kucheza na kuwinda.

Haya, na kama umeshapewa yule ambaye hakushikwa? Usimtupe. Ukimpata akiwa na miezi miwili au mitatu, bado anaweza kubadilika, ila itachukua majuma, si siku. Sikilizeni namna ya kufanya.

Kwanza, safari. Tumia katoni yenye matundu, au kiondo kilichofunikwa vizuri. Omba kitambaa alicholalia pamoja na mama yake, umwekee ndani. Ile harufu ni kama barua kutoka nyumbani.

Pili, mahali padogo. Usimwachilie uwanjani. Hata nyumba nzima ni kubwa mno kwake. Mpe chumba kimoja au kona ya stoo inayofungwa, isiyo na sumu. Pindua katoni uikate mlango mdogo, awe na mahali pa kujificha. Weka maji upande mmoja, na upande mwingine karai la mchanga au udongo mkavu kwa ajili ya haja. Paka hapendi choo karibu na chakula, kama vile wewe usivyopenda. Usimweke jikoni penye mafiga, maana usiku atafuata joto la majivu na kuungua.

Tatu, mwache. Siku ya kwanza mpe chakula na maji, kisha toka. Usimvute kwa nguvu kutoka alikojificha. Ukimvuta mara moja, umejirudisha nyuma wiki nzima.

Nne, kaa naye bila kumtaka. Kuanzia siku ya pili, ingia mara tatu au nne kwa siku, ukae chini. Chambua maharagwe yako, shona, soma, ongea kwa sauti ya chini. Usimkazie macho, kwa maana kwa paka kukaziwa macho ni kutishwa. Akikutazama, fumba macho polepole, kisha yafumbue polepole. Mnacheka tena! Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba paka hujibu kwa namna hiyo hiyo, na humkaribia zaidi mtu aliyewafanyia hivyo.

Tano, chakula kipite mkononi mwako. Paka mdogo anahitaji kula kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku. Usimwachie sahani siku nzima. Leta chakula, ukae hapo anapokula. Kila siku sogeza sahani karibu nawe kidogo. Halafu mpe omena mmoja kwenye ncha ya kijiko, baadaye kwenye vidole. Haba na haba hujaza kibaba. Na tafadhali, ugali mtupu haumtoshi. Mwili wa paka umeumbwa kwa nyama. Akikosa nyama na samaki kwa muda mrefu anaweza kupofuka na moyo wake kudhoofika. Omena wa kuchemsha, matumbo yaliyopikwa, yai mara moja moja, vinatosha. Maji yawepo daima, kwa maana maziwa huwaharisha paka wengi.

Sita, kugusa. Akishakula mkononi, mguse shavuni au chini ya kidevu, sio tumboni. Mguse kidogo, uache kabla hajachoka. Akilaza masikio au akipiga mkia huku na huku, anakuambia, "Inatosha." Mtii.

Saba, watoto na mbwa. Mchague mtoto mmoja mtulivu kwanza, aketi chini, paka aje mwenyewe. Mbwa afungwe kamba, na kabla hawajaonana, kila mmoja anuse kitambaa cha mwenzake.

Nane, kutoka nje. Usifungue mlango kabla ya wiki tatu au nne, na kabla hajala mkononi mwako. Tangu siku ya kwanza, kila ukileta chakula gonga sufuria kwa kijiko. Siku ya kumtoa, mtoe mchana kabla ya kula, akiwa na njaa. Baada ya muda mfupi gonga sufuria. Atarudi, kwa sababu ana la kurudia.

Wengine husema, "Paka akishiba hawindi." Sio kweli. Paka huwinda kwa silika hata akiwa ameshiba. Ukimnyima chakula, utakachopata ni paka anayehamia kwa jirani.

Mambo ya hatari

Usimwoshe paka kwa dawa ya kupe ya ng'ombe ili kuua viroboto. Atajilamba na kufa. Tumia kichana chenye meno ya karibu, na anika matandiko yake juani. Usimpe Panadol, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Akikuuma au akikukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hupitia kwa paka pia, na kikishaanza kuonyesha dalili hakina tiba. Mwaka 2014 Kenya ilianza mpango wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Mpango huo hauwezi kufaulu kama wanyama wetu hawachanjwi. Mpeleke paka akachanjwe akifika miezi mitatu, na umwulize daktari wa mifugo kuhusu kumfunga uzazi, maana paka jike huweza kushika mimba hata kabla ya miezi sita.

Wala nisiwadanganye. Paka mmoja hamalizi panya wote. Ghala liinuliwe kutoka chini, miguu yake ivishwe bati, nafaka iliyomwagika ifagiliwe. Na paka aliyekulia porini mpaka akawa mkubwa huenda asikubali kupakatwa maishani. Mpe chakula, maji na mahali pakavu, umwache afanye kazi yake ghalani. Huyo pia ni wa nyumbani.

Shosho na mjukuu wake

Nimalizie kwa jambo nililoliona upande wa Mbeere. Shosho mmoja alikuwa amepewa mjukuu wa miaka tisa kutoka Nairobi, baada ya kumzika mama yake. Nilitumwa kule kwa sababu ya mtoto, sio paka. Nilimketisha kijana kitini, fomu yangu mkononi, nikaanza: Unaitwa nani? Ulikuwa darasa la ngapi? Unalala vizuri? Mtoto alitazama chini. Nilirudi mara ya pili, nikauliza yale yale. Kimya. Nikaandika kwenye fomu kwamba mtoto hana ushirikiano.

Wakati huo panya walikuwa wameingia kwenye ndengu alizoweka shosho auze kwa ajili ya unifomu. Alitaka kununua sumu. Nilimsihi asubiri, nikamletea paka mdogo, mwoga kabisa, ndani ya katoni. Nilimweleza haya niliyowaeleza nyinyi. Shosho akasema, "Mimi magoti yananiuma, sitaweza kukaa chini. Huyu kijana atakaa."

Basi kijana akakaa. Kila asubuhi na kila jioni, kwenye kona ya stoo, bila kusema neno, omena mmoja mkononi. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili paka alitoa kichwa. Nilipofika wiki ya tatu, sikumkuta shosho, alikuwa kisimani. Niliketi mlangoni mwa stoo. Sikuwa na fomu siku hiyo, nilikuwa nimeisahau. Nilikaa kimya kwa sababu ya paka. Baada ya muda mrefu kijana akasema, bila kunitazama, "Ukikaa hivyo hakuogopi. Jana alilala hapa kwa mguu wangu. Mama alikuwa na paka, lakini tulimwacha."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia. Nilirudi ofisini nikaifuta ile sentensi niliyokuwa nimeandika.

Ndengu ziliuzwa, si zote, lakini unifomu ilipatikana. Sumu haikuingia nyumba ile. Na mimi, pamoja na diploma yangu, nilifundishwa kazi yangu na paka na mtoto wa miaka tisa: anayeogopa usimvute. Kaa chini, uwe na kitu mkononi cha kumpa, na usihesabu siku.

Nyumbani kwenu huenda yuko mmoja wa namna hiyo, wa miguu minne au wa miguu miwili. Jembe lipo, litamngoja.

Na yule mama aliyeniambia ana watoto wanne wa paka wenye wiki tatu, tafadhali asiondoke kabla hatujaandika majina ya wanaowataka. Wiki tano bado.