Hotuba ya Mwenyekiti: Daftari Letu na Namna Tulivyolitengeneza Upya



Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha siku hii ya kutimiza miaka 10. Mwaka 2015 tulianza akina mama 18, tukiwa na sanduku moja, kufuli tatu na daftari moja la kaunta. Leo tuko 30.

Tunajua wengi mlitegemea tutaje hapa mabati yaliyoezekwa, ng'ombe walionunuliwa na ada za watoto zilizolipwa. Hayo yote yameandikwa katika kurasa nyingine za kitabu hiki, mtayasoma wenyewe. Sisi viongozi tumechagua kusema juu ya daftari. Msicheke, jamani. Daftari ndilo lililotaka kutuvunja, na daftari ndilo lililotuunganisha tena.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaanza na jambo la aibu. Desemba mwaka 2020, siku ya kugawana, tulifungua sanduku mbele ya wanachama wote. Tukahesabu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Sanduku lilipungua shilingi 214,000 kuliko daftari linavyosema. Siku ile hapakupikwa chai. Macho yote yalimgeukia mweka hazina wetu, kwa sababu sanduku lilikuwa linalala nyumbani kwake. Tukasahau kwamba sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa wanachama watatu wengine. Wengine walisema ati amechongesha funguo za bandia. Mama yule hakubishana. Alikunja khanga yake akaenda nyumbani, na hakurudi kikaoni kwa miezi saba. Kanisani alikaa benchi la nyuma. Gulioni Tengeru akibeba ndizi zake, watu walinong'ona.

Upungufu ule tuliukata katika mgawo wa kila mmoja, tukadhani tumemaliza. Kumbe tulikuwa hatujaanza.

Mwaka 2021 binti wa mwanachama mwenzetu, aliyekuwa akisoma Chuo cha Uhasibu Arusha kule Njiro, alikuja likizo. Tulimwambia, "Mwanetu, tutengenezee programu ya kompyuta, daftari limetushinda." Tulitegemea aje na mashine. Alikuja na kikapu cha maharage. Alisema, "Mama zangu, kabla ya kutengeneza kitu, nionyesheni fedha inavyotembea." Akakaa vikao vitatu pembeni, hasemi neno, anaandika tu. Kikao cha nne akatugawia maharage, mahindi, choroko na kunde. Maharage yawe hisa, mahindi yawe marejesho ya mikopo, choroko ziwe mfuko wa jamii, kunde ziwe faini. Akatuambia tucheze kikao kizima hapo chini, kila mtu afanye kazi yake ya kila siku, na asifiche kitu.

Basi tukacheza, na tukaona kwa macho yetu. Sisi tunakutana Alhamisi, kesho yake baada ya gulio la Tengeru la Jumatano, maana ndizi na parachichi zinakuwa zimekwisha kuuzwa. Mwanachama ambaye hawezi kuja Alhamisi alikuwa anatuma rejesho kwa simu kwa katibu siku ileile ya Jumatano. Katibu, kwa uaminifu wake, aliandika usiku uleule nyumbani ili asisahau. Alhamisi akaenda kwa wakala, akatoa fedha, akaileta mezani, ikahesabiwa, ikaandikwa tena. Fedha imeingia mara moja, imeandikwa mara mbili! Tukafungua daftari la mwaka 2020 tukatafuta. Tukakuta rejesho la 60,000 limeandikwa mara mbili, na jingine la 74,000 vilevile.

Zikabaki 80,000. Hizo nazo tulizikuta. Mwaka ule mwenzetu mmoja alifiwa, tukatoa rambirambi kutoka mfuko wa jamii, tukaipeleka msibani usiku. Ikaandikwa jalada la nyuma la daftari, kwa penseli. Haikuhamishiwa ndani kamwe. Jumlisheni wenyewe: 60,000 na 74,000 na 80,000. Ni 214,000 kamili, hakuna hata shilingi iliyoibiwa.

Ndugu zetu, palikuwa kimya. Daftari lile lilikuwa na safu mbili tu, zilizoingia na zilizotoka. Hisa, marejesho, mfuko wa jamii na faini, vyote vilimwagwa humo kama makande. Na sisi viongozi ndio tuliotia sahihi ukurasa huo kila Alhamisi.

Tulikwenda nyumbani kwa mama yule, viongozi wote pamoja na wazee wawili, tukaomba radhi. Alitukaribisha, akatupa ndizi na maziwa, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno moja ambalo tunaliandika hapa ili lisipotee: "Mlinihesabu mimi badala ya kuhesabu fedha." Alirudi kikundini. Kushika sanduku alikataa, na mpaka leo anakataa. Haki hiyo anayo.

Ndugu Mgeni Rasmi, binti yetu alitueleza kwamba kazi tuliyoifanya kwa maharage ina jina lake chuoni, inaitwa uchambuzi na usanifu wa mifumo ya taarifa. Mfumo wa taarifa si lazima uwe kompyuta. Ni watu, karatasi, kanuni na mazoea, vyote pamoja, vinavyowezesha chama kujua mambo yake. Uchambuzi ni kutazama kazi inavyofanyika kweli, na usanifu ni kupanga namna itakavyofanyika vizuri zaidi.

Alitusimulia habari za mama mmoja wa Uingereza, Profesa Enid Mumford wa chuo cha biashara cha Manchester, aliyefariki mwaka 2006. Mama huyo alifundisha kwamba wanaofanya kazi ndio wapange namna ya kuifanya. Katika kampuni kubwa ya kemikali iitwayo ICI, mashine mpya za kuchapa zilipotaka kuingia, makatibu muhtasi wenyewe walikaa na kupanga zitatumikaje, naye akaandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1983. Yupo pia Profesa Peter Checkland wa Chuo Kikuu cha Lancaster, ambaye mwaka 1981 alitoa kitabu juu ya njia yake. Yeye husema ukikuta shida katika chama, usikimbilie dawa. Chora kwanza picha ya hali nzima, pamoja na watu, wasiwasi wao na ugomvi wao. Tulipochora picha yetu kwenye karatasi ya manila, tuliona mishale mingi sana inaingia kwa katibu mmoja. Tulikuwa tumemtwisha mzigo wa watu watatu.

Tusidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Miongoni mwetu yupo muuguzi mstaafu. Alituambia juu ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao nchi yetu iliuanzisha mwaka 1993. Huko kila kazi ina kitabu chake: wagonjwa wa nje mbali, wajawazito mbali, watoto mbali. Mwisho wa kipindi vinajumlishwa. Uzuri wake ni huo, kitu kimoja mahali pamoja. Lakini alitueleza na ugumu wake. Vitabu vilikuwa vingi, na mara nyingi muuguzi alijaza ili kupeleka juu tu, zile namba hazikurudi kumsaidia yeye katika kazi yake. Mwaka 2013 mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2 ulisambazwa nchi nzima, ila kompyuta inapokea kile kilichoandikwa kitabuni. Kitabu kikikosea, kompyuta nayo inakosea, tena kwa haraka zaidi.

Vilevile tulijifunza kwa wenzetu wa Niger. Huko ndiko vikundi vya kuweka na kukopa vya namna yetu vilianza mwaka 1991, vikisaidiwa na shirika la CARE. Wengi wa akina mama wale hawakujua kusoma, kwa hiyo waliweka mahesabu kichwani na kuyakariri pamoja kikaoni. Hiyo nayo ni mfumo wa taarifa, na haina karatasi hata moja.

Basi tukapanga upya. Tunaeleza hatua kwa hatua, kwa faida ya vikundi vingine vya hapa Meru vitakavyosoma kitabu hiki.

Kwanza, tuliuliza nani anahitaji kujua nini. Mwanachama anataka kujua hisa zake na deni lake. Kikundi kinataka kujua sanduku lina kiasi gani. Halmashauri nayo inahitaji taarifa zetu, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka vikundi kama chetu viandikishwe. Jambo ambalo hakuna anayelihitaji, hatuliandiki.

Pili, tulitenganisha. Ndani ya sanduku mna mifuko minne ya kitambaa: kijani hisa, bluu marejesho, nyeupe mfuko wa jamii, nyekundu faini. Daftari lina safu nne, kila safu ina kuingia na kutoka, na rangi ni zilezile.

Tatu, tuliweka kanuni fupi: fedha haiandikwi mpaka imeanguka mezani. Aliyetuma kwa simu anasubiri Alhamisi kama wengine. Na ikitokea msiba katikati ya juma, watunza funguo wote watatu wafike pamoja na mashahidi wawili. Wanaweka kikaratasi chenye sahihi zao ndani ya mfuko mweupe, mahali pa fedha iliyotoka. Wakulima wa kahawa mnalielewa hilo. Ukipeleka kahawa chamani hupewi maneno, unapewa stakabadhi.

Nne, kila mwanachama ana kitabu chake cha hisa, na kila hisa inagongwa muhuri. Bibi yetu ambaye hakwenda shule anahesabu mihuri yake kwa kidole, na hadanganyiki. Mwisho wa kikao tunataja kwa sauti kilichomo katika kila mfuko, na kikao kinachofuata tunaanza kwa kukikumbuka pamoja.

Tano, hatukutupa daftari la zamani siku hiyohiyo. Miezi mitatu tuliandika yote mawili na kulinganisha. Hapo ndipo makosa ya daftari jipya nayo yalionekana. Mwanzoni tulikuwa tumeweka majina ya safu kwa maandishi tu, na wanachama wanne walishindwa kufuatilia. Zile rangi za safu ni wazo lao, si la msomi.

Matokeo ni haya. Tangu 2021 tumegawana mara nne. Mwaka 2022 mfuko mwekundu ulipelea shilingi 5,000, na ndani ya nusu saa tukaikuta katika mfuko mweupe, imewekwa kwa makosa. Hakuna aliyeitwa mwizi. Chai ilipikwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa liko jambo mbele yetu. Vijana wetu wanataka tuhamie kwenye simu. Wanasema zipo huduma za vikundi kama M-Koba, iliyoanza mwaka 2019, na kwamba sanduku limepitwa na wakati. Sisi wakubwa hatupingi. Simu haina usingizi, na njia ya usiku na fedha mkononi ina hatari zake. Lakini tumesema tufanye kama tulivyofanya kwa maharage. Wenzetu watatu hawana simu. Wawili wanatumia laini iliyoandikishwa kwa jina la mume au mtoto. Je, hisa hizo zitakuwa za nani? Asiyejua kusoma atahesabu nini kwa kidole? Mtandao ukikatika Alhamisi, tutafanyaje? Maswali haya yatajibiwa na wenyewe wanaohusika, kikaoni, mbele ya wote. Kisha tutajaribu miezi mitatu, simu na sanduku pamoja, ndipo tuamue kwa kura.

Kwa ninyi wafadhili na marafiki wetu, tunawashukuru sana kwa moyo wenu. Tuna ombi moja. Mkitaka kutusaidia katika jambo hili, msituletee kompyuta kwanza. Tusaidieni kuwasomesha makatibu wetu wawili utunzaji wa mahesabu, na njooni mkae nasi vikao viwili vitatu, mtazame. Mashine itakuja baadaye, na itakuta mahali pake pamekwisha kuandaliwa.

Kwa wanachama wenzetu: siku sanduku na daftari vikipishana tena, na siku hiyo inaweza kuja, tusitazame uso wa mtu. Tuteremshe maharage chini, tufuatishe fedha mkono kwa mkono mpaka tuione ilipopotelea. Kama ni wizi, utaonekana. Kama ni kosa letu, nalo litaonekana. Na wewe mama yetu uliyekaa miezi saba nje kwa ajili ya penseli iliyoandika jalada la nyuma, leo mbele ya hadhara hii, na katika kitabu hiki ambacho wajukuu watakisoma, tunasema tena: tulikukosea.

Mungu akibariki kikundi chetu, aibariki Nkoaranga na Meru yote.